Krimu kuyeyuka na biskuti kumomonyoka kwenye vikeki visivyookwa

Dada, umeuliza kwa nini vikeki vyako vidogo vya stroberi visivyookwa, ulivyowaandalia watoto wakati wa likizo hapo Moshi, vilimomonyoka na krimu ikayeyuka. Kwa kitako, changanya gramu 200 za biskuti zilizosagwa na gramu 100 za siagi halisi ya maziwa iliyoyeyushwa, si ile laini ya kupaka mkate, kwani siagi ikiganda ndiyo inayoshikanisha unga huo. Shindilia kwa mgongo wa kijiko, kisha weka kwenye friji saa moja nzima.

Krimu ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Chagua yenye mafuta yasiyopungua asilimia 30, maana mafuta hayo ndiyo yanayoshikilia hewa unapoipiga, na yakipata joto hulegea na kuiachia. Kwa hiyo poza hata bakuli na mchapo wa kuipigia, uipige asubuhi na mapema kabla jua la Desemba halijakolea, na uache mara tu inaposimama, la sivyo itageuka siagi.

Stroberi zikaushe vizuri, uzipange juu dakika chache kabla ya kula. Forosadi pia zinafaa, nami huzipenda zaidi kwa uchachu wake, ingawa rangi yake huingia kwenye krimu haraka.