Chenso ya zamani inalia juu ikishachemka: usiionee kabureta

SWALI: Fundi shikamoo. Nina chenso ya Stihl 041 ile ya pointi (vile vyuma viwili vinavyokatisha umeme ili plagi itoe cheche), ilikuwa ya marehemu babu, imekaa stoo zaidi ya miaka kumi. Kabureta nimeosha mara mbili, nimebadili diaframu, plagi na mpira wa mafuta. Ikiwa ya baridi inawaka ukivuta kamba mara tatu na inakata vizuri tu, ila ikifanya kazi kama dakika kumi ukiachia akseleta haishuki, inabaki inalia juu, alafu inazima na haiwaki tena mpaka ipoe. Jamaa mmoja kaniambia inachemka kwa sababu oili ni kidogo, nikaongeza, naona ndo inazidi. Nifungue tena kabureta? La pili, nina Bedford ya petroli natengeneza taratibu, tairi la mbele kushoto linashika breki lenyewe na ngoma inakuwa ya moto hata nikienda mwendo mfupi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na hongera kwa kumtunzia babu chombo chake. Kwanza kabisa usiiwashe tena hiyo chenso, hata kwa kujaribu tu, mpaka umalize kusoma hapa. Dalili ulizozitaja ni za injini inayovuta hewa ya wizi, na kila dakika unayoiendesha hivyo unaila pistoni.

Kabureta umeiosha mara mbili, inatosha, iache ipumzike. Watu wengi wakipata mashine ya zamani wanakimbilia kabureta kwa sababu ndo kitu kinachofunguka kirahisi, ila mi kwenye mashine zilizokaa stoo nimezoea kukuta chuma kiko sawa kabisa, kilichokufa ni raba. Raba inazeeka hata kama mashine haikufanya kazi siku moja. Na raba mbili ambazo hujazigusa bado ni sili za krenki, yaani raba zinazoziba pale shafti ya injini inapotokea nje, moja iko nyuma ya flaiwili na nyingine iko nyuma ya klachi.

Sasa elewa kinachotokea humo ndani. Injini ya tu-stroki inavutia mafuta yake kwenye nyumba ya krenki, pistoni ikipanda inafanya mvuto, ikishuka inasukuma. Sili ikishakauka midomo yake inakuwa migumu kama plastiki, ikipata joto na mtikisiko haiifuati tena shafti, kwahiyo wakati wa mvuto hewa inaingia pembeni bila kupita kwenye kabureta. Hewa inazidi, petroli inapungua, na injini yenye petroli pungufu inakimbia na kuchemka. Ndo maana ukiachia akseleta haishuki, sailensa, yaani mwendo wa injini ukiwa umeachia akseleta, inakuwa inapanda yenyewe. Kibaya zaidi ni kwamba oili ya kulainisha inasafiri ndani ya petroli hiyohiyo, petroli ikipungua na oili imepungua.

Hapo ndo utaona ushauri wa jamaa yako ulipokwama. Jeti ya kabureta tundu lake halibadiliki. Ukiongeza oili kwenye mchanganyiko, kile kinachopita kwenye tundu kina oili zaidi na petroli kidogo, na kimekuwa kizito kidogo kupita, kwahiyo unaikausha petroli injini ambayo tayari ina kiu. Sio tofauti kubwa lakini kwa injini iliyoko ukingoni ni msukumo. Vitabu vya enzi hizo vinakuandikia 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili kwa lita, ila ule ulikuwa wakati wa oili za zamani. Oili nzuri ya 2T (ya tu-stroki) ya sasa imetengenezwa kwa 50 kwa 1, mililita 20 kwa lita. Mi binafsi kwa mashine za umri huo natia mililita 25 kwa lita, nikishachagua hapo naseti kabureta kwa mchanganyiko huohuo na sibadilishibadilishi.

Kabla hujaagiza sili fanya vitu vitatu vya haraka. Cha kwanza, siku ukiiwasha tena ikazima ya moto, fungua kifuniko cha tanki uisikilize, ikivuta pumzi kwa nguvu alafu ikakubali kuwaka basi kitundu cha kupumulia tanki kimeziba na umepata bahati. Cha pili ni moto wa plagi wakati injini imechemka, maana koili na kondensa za zamani zina tabia ya kufa zikipata joto na kufufuka zikipoa. Toa plagi, igusishe kwenye chuma cha silinda mbali na tundu lake kwa sababu tundu linatema mvuke wa petroli, vuta kamba uangalie. Ukiona cheche ya bluu inaruka vizuri, umeme achana nao. Lakini hilo la kulia juu ukiachia akseleta kondensa hailisababishi, ndo maana nakwambia usiishie hapo.

Cha tatu ndo cha maana na ndo uanze nacho leo, injini ikiwa imezimwa. Fungua egzosi, chungulia kwa tochi kupitia tundu la kutolea moshi, sogeza pistoni taratibu kwa kamba. Pistoni nzima bado ina vimistari vya mashine vya kulalia, kama vya sahani ya santuri. Ukiona michubuko iliyosimama wima, imekwangua kutoka juu kwenda chini na ringi imenata, basi imeshaanza kuliwa, na hapo kutowaka ikiwa ya moto inaweza kuwa ni kompresheni tu imekwisha. Pima, kama geji inakupa chini ya 120 psi usiendelee kwanza na mambo ya sili, itabidi silinda itoke.

Nilivyoujua upande huo ni kwa hasara. Ujana wangu nilikuwa naseti chenso kwa sikio bila mwalimu, nikaifunga skrubu ya H (ile ya kabureta inayopima petroli ya mwendo wa juu) mpaka ikalia ile sauti nyembamba tamu ya nyuki mwenye hasira, nikajisifu kabisa. Ilikata magogo mawili. La tatu ikashika katikati ya mbao, na nilivyofungua silinda upande wa egzosi pistoni ilikuwa kama imepitiwa na tupa.

Haya, tuje kwenye kupima uvujaji, maana sili hazibadilishwi kwa kukisia. Mafundi wenye karakana wana pampu maalumu lakini wewe tafuta kile kipimo cha presha ya damu cha zamani, kile chenye saa ya mshale na kipira cha kubonyeza. Saa yake inaishia 300 (milimita za zebaki), ambayo ni kama 0.4 ya baa, na kwa chenso inatosha. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kiweke kati ya kabureta na mdomo wake wa kuingilia ukibane na bolti zilezile, hakikisha kinaziba na kile kitundu kidogo cha mapigo kinachoendesha diaframu. Kipande kingine weka chini ya egzosi. Kwenye tundu la plagi tumia plagi mbovu iliyotolewa kaure, gundisha mpira wa kipimo humo, pistoni iwe chini ili njia ya kati ya silinda na nyumba ya krenki iwe wazi. Jaza mpaka 250 uache dakika moja. Mshale ukishuka pakaza maji ya sabuni nyuma ya flaiwili, nyuma ya klachi, chini ya silinda, povu litakuonyesha. Alafu zungusha flaiwili kidogokidogo huku una presha ndani, kuna sili inashika shafti ikiwa huku na kuachia ikiwa kule.

Sasa usije ukafurahi mapema presha ikikaa. Mdomo wa sili unatazama ndani, kwahiyo presha inaubana kwenye shafti, mvuto ndo unaufungua. Chenso nyingi zinafaulu presha na kufeli mvuto. Chukua bomba la sindano kubwa la mililita 60, unganisha palepale kwenye plagi, vuta mpaka mwisho ushikilie dakika nzima, alafu achia. Likirudi kwa nguvu, mvuto umekaa. Likibaki limelala tu halina habari na wewe, hewa imeshaingia.

Ila kwa 041 ya pointi kuna ushahidi hata kabla ya vipimo. Toa flaiwili utazame pointi. Zikiwa zimelowa oili, sili ya upande huo imeshakiri yenyewe, maana pointi zinatakiwa ziwe kavu. Hapohapo shika ncha ya shafti uitikise juu chini, ukisikia uchezaji hata kidogo ni beringi, na beringi ikiwa mbovu sili mpya utaila mwezi mmoja tu.

Kutoa sili: klachi za chenso nyingi zina uzi wa kushoto, kwahiyo unafungulia upande ambao mkono wako umezoea kufungia, usiweke bomba refu kwenye spana kabla hujahakikisha. Kuzuia pistoni usitumie bisibisi, ingiza kamba ya katani kwenye tundu la plagi pistoni ikishapita tundu la egzosi, itabana bila kuumiza kitu. Sili yenyewe soma namba zake kabla ya kununua, zimeandikwa usoni kwa mtindo wa 15x25x5, ndani, nje na unene, na ukipima shafti na tundu kwa vernia ni bora zaidi kwa sababu namba za zamani zimefutika. Ukiing'oa usiikwaruze shafti, mkwaruzo mdogo tu na sili mpya inavuja. Wakati wa kuingiza funika nyuzi za shafti kwa selotepu, paka oili mdomoni, sukuma kwa kipande cha bomba kinacholingana kipenyo, polepole, iingie sawa pande zote.

Ukiwa humo pitisha karatasi ngumu safi katikati ya pointi, sio msasa, msasa unaacha vumbi linaloziharibu. Nafasi iwe kama 0.35 mpaka 0.4 ya milimita pointi zikiwa wazi kabisa, plagi 0.5. Kondensa badilisha tu bila mjadala, umri wake umeshapita.

Baada ya kurudishia pima tena mvuto, alafu ndo unaruhusiwa kugusa kabureta. Funga skrubu zote mbili taratibu mpaka ziguse, usikaze, fungua kila moja raundi moja. Anza na L (ile ya mwendo wa chini) mpaka ikubali akseleta bila kusita, weka sailensa cheni isizunguke, H mwisho. Kwenye H ukiibana moto wote bila mzigo inatakiwa igugumie kidogo, kama inasema na maji mdomoni, alafu ukiiingiza kwenye mti sauti inasafika. Ikilia nyembamba bila mzigo umekausha, fungua. Alafu kama hiyo yako haina breki ya cheni, na nyingi za zamani hazina, usikate kwa ncha ya juu ya baa, inarusha uso kwa uso na hakuna kitakachoizuia.

Kuhusu Bedford, hiyo ni fupi. Nyanyua tairi kwa jeki, weka stendi imara na ubane matairi ya nyuma kwa magogo. Kanyaga breki uachie, tairi likiwa limeshika fungua nipeli ya kutolea upepo ya tairi hilo. Likiachia palepale, presha imenaswa kwenye bomba. Lisipoachia tatizo ni la ndani ya ngoma, springi za viatu zimechoka au wili silinda (kile kisilinda kinachosukuma viatu) imeota kutu. Kama ni presha, na mshiko ni tairi hilo moja tu, kwanza kabisa mshuku hosi yake ya raba. Kwa nje utaiona nzima, ila kwa ndani imevimba na imekuwa kama mlango wa upande mmoja, mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, springi hazina nguvu ya kuyarudisha. Badilisha ya kulia pia, zina umri mmoja.

Na muulize aliyekuwa nayo kabla yako kama aliwahi kuongeza oili ya injini kwenye breki, maana wapo wanaofanya hivyo. Ikiwa ndivyo raba zote za mfumo mzima zinavimba na hakuna dawa ila kuzitoa zote, osha mabomba kwa spiriti, weka mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4. Ukitaka kutoa tairi lenyewe, angalia kama rimu ni ya pete (ile yenye pete ya chuma inayoshikilia tairi), ikiwa ndivyo ng'oa vali na utoe upepo wote kabla hujagusa nati hata moja, hiyo pete ikiruka inaua.

Egzosi ya chenso ni bolti chache tu, ifungue leo jioni uniandikie umekuta mistari ya kulala au ya kusimama, na kama ni ya kusimama nipe na kipenyo cha silinda tutafute pistoni.