Anasikia, lakini haelewi: je, upasuaji umeshindwa?

SWALI: Mume wangu ana umri wa miaka 49. Alipoteza usikivu miaka sita iliyopita baada ya kuchomwa sindano za kifua kikuu sugu, na miezi minne iliyopita alipandikizwa kifaa cha usikivu katika sikio la kulia. Tukiwa wawili jikoni tunazungumza vizuri. Juzi tulikwenda harusini, naye akarudi amenyong'onyea, akasema aliwasikia watu wote na hakumwelewa hata mmoja. Mawifi zangu wanasema upasuaji umeshindwa. Je, ni kweli? Na je, ataweza tena kusikiliza taarabu, aliyoipenda mno?
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yangu, upasuaji haukushindwa, na ushahidi umeuandika mwenyewe uliposema kwamba mnazungumza jikoni. Kwa mtu aliyekaa miaka sita bila kusikia, kufuata maneno ya mkewe katika mwezi wa nne ni hatua kubwa.

Sikio zima hutegemea maelfu ya chembe zenye vinyweleo ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringisha kama gamba la konokono. Baadhi ya dawa za sindano za kifua kikuu sugu huziua chembe hizo, ingawa mshipa wa fahamu wa usikivu mara nyingi hubaki hai, na kifaa huusisimua mshipa huo kwa umeme kupitia elektrodi, yaani vituo vidogo vya kupitishia umeme, zipatazo 12 hadi 22, kutegemea aina yake. Mahali palipo kimya, idadi hiyo inatosha: mwaka 1995 mtafiti Robert Shannon na wenzake huko Los Angeles walionyesha kwamba hata watu wenye masikio mazima, wakipewa sauti iliyopunguzwa hadi njia nne tu, kana kwamba inapitia elektrodi nne, huyaelewa maneno vizuri baada ya mazoezi kidogo. Penye kelele mambo hubadilika, kwa sababu sauti ya mzungumzaji, vigelegele na ngoma huingia pamoja katika njia zilezile chache, na umeme wa elektrodi moja husambaa hadi eneo la jirani yake, kiasi kwamba ubongo hukosa pa kuzitenganishia. Kwa mwenye kifaa, harusi ni miongoni mwa mahali pagumu kuliko pote.

Fanyeni jaribio dogo. Ziba mdomo wako kwa karatasi, umtamkie neno mojamoja: pata, tata, kata. Irabu huenda akazipata bila shida, lakini konsonanti ya mwanzo itamponyoka mara kwa mara. Kisha mwambie, "Vikombe vyangu viwili vimevunjika." Hapa Kiswahili chenyewe kinamsaidia, maana upatanisho unarudiwa katika kila neno, na akikosa silabi moja atashikilia inayofuata. Ndiyo sababu watu wazima wenye kifaa huelewa sentensi kuliko maneno yaliyotengwa, na ndiyo sababu nawaomba mawifi zako, kwa heshima, waache kumpigia kelele neno moja mara tatu. Waiseme sentensi nzima upya kwa maneno mengine, wakimtazama usoni.

Maendeleo makubwa huonekana zaidi katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza, na huweza kuendelea hadi mwaka na zaidi. Watu hutofautiana sana, lakini waliokaa miaka mingi bila kusikia kabla ya kupandikizwa huwa na safari ndefu zaidi. Msomee gazeti kwa sauti kila jioni, kwanza akifuatisha maandishi, kisha bila maandishi. Kila neno analolikosea liandike, mlipeleke kliniki siku ya kurekebishiwa kifaa, kwa kuwa orodha hiyo humsaidia mtaalamu kujua viwango vipi vya umeme vibadilishwe.

Niwakumbushe pia wasomaji wengine kwamba aliyepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo asisubiri hata kidogo kumwona daktari wa masikio, maana koklea yake yaweza kujaa mfupa na kuzuia elektrodi zisipite. Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikifanya upasuaji huu tangu mwaka 2017.

Kuhusu taarabu, mapigo atayasikia vizuri, ila mahadhi ndiyo yatakayomsumbua, kwani kifaa kilitengenezwa kwa ajili ya maneno na hutambua kwa shida kupanda na kushuka kwa sauti. Anza na wimbo mmoja anaoujua kwa moyo, wenye mwimbaji mmoja na ala chache, chumbani palipotulia, akiwa na mashairi mkononi.