Usiniandikie "si wa kawaida"

Nikimwambia mtu kwamba nafanya kazi ya kodi za hospitali, hudhani nakusanya ushuru. Kazi yenyewe ni kusoma faili la mgonjwa na kuyageuza maneno ya daktari kuwa misimbo ya ICD, ile orodha ya Shirika la Afya Duniani ambamo kila ugonjwa umepewa herufi na namba zake. Mgonjwa simwoni. Namjua kwa mwandiko wa mtu mwingine tu, na hapo ndipo nilipowahi kuboronga.

Faili lilikuwa la mama mwenye mimba ya kwanza. Mstari wa uchunguzi ulisema: "Uke si wa kawaida, njia nyembamba." Basi. Nikapekua orodha, nikaangukia Q52, kundi la kasoro za kuzaliwa nazo za via vya uzazi vya mwanamke, nikaandika, nikafunga faili. Miezi mitano baadaye alikuja usiku na uchungu. Asubuhi yake mkunga wa zamu, mama wa makamo, alishuka ofisini kwetu na faili kwapani. "Mwanangu," akasema, "huyu hakuzaliwa hivi. Huyu alikatwa, akashonwa." Alikuwa amekeketwa. Ilibidi walikate kovu wamfungue katikati ya uchungu, watu wasiojiandaa, wakati kliniki ilikuwa na miezi mitano ya kupanga. Mama na mtoto walitoka salama. Mimi sikula mchana ule.

Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa ningeweza kumrudishia daktari faili na kumuuliza. Lakini lilianzia kwenye maneno matatu: "si wa kawaida".

Kwa hiyo wewe unayeandika, niandikie ulichokiona. Hata "amekeketwa" peke yake haitoshi, maana aina ni nne na hazifanani. Ya I, kinembe kimekatwa, chote au sehemu, au ngozi inayokifunika tu. Ya II, mashavu ya ndani nayo yamekatwa, wakati mwingine na ya nje. Ya III, mashavu yamekatwa na kuunganishwa, kovu limeziba, tundu limebaki dogo. Kinembe huenda bado kipo chini yake. Ya IV ni mengine yote: kudunga, kutoboa, kukwangua, kuunguza. Taja viungo hivyo kwa majina yao, bila haya. Ukichora mchoro mdogo pembeni, nitakuombea dua.

Kwa upande wetu, ICD-10 ya kimataifa, yaani toleo la kumi la orodha ile, ina Z91.7, historia ya kukeketwa. Marekani wana toleo lao, nalo linachambua zaidi: N90.811 ni aina ya I, N90.812 ya II, N90.813 ya III, N90.818 ni nyinginezo. Ipo pia N90.810, ya aina isiyotajwa. Hii ya mwisho wengi wanaiogopa kama ushahidi wa uvivu. Mimi naiona bora kuliko kubahatisha. Kama mgonjwa alikuja na kikohozi na hakuna aliyemchunguza huko, itumie bila wasiwasi. Yeye mwenyewe mara nyingi hajui aina, alikuwa mtoto.

Jambo ninalolipigania zaidi ni hili: ukeketaji na shida iliyomleta ni vitu viwili, na vyote viandikwe. Tazama maelezo haya: "Aina ya III. Tundu linapitisha ncha ya kidole kimoja. Kovu limefunika njia ya mkojo, mkojo hutoka kwa matone. Uvimbe wa majimaji kushoto mwa kovu, hauna usaha." Hapo napata hali yenyewe, R39.1 ya shida ya kukojoa, na N90.7 ya uvimbe wa aina hiyo. Akiwa mjamzito naongeza O34.7, ya huduma kwa mjamzito mwenye kasoro ya sehemu za siri za nje. Ukiniandikia mkojo tu, atatibiwa mkojo mwaka hadi mwaka, na chanzo hakionekani popote.

Akifunguliwa, andika tarehe, na kwamba kingo zilishonwa kila moja peke yake. Kumshona upya baada ya kujifungua, Shirika la Afya Duniani limekataza. Akiomba, andika kwamba aliomba, na mlimjibu nini.

Halafu kuna maneno ya mdomoni. Wanawake wengi hawasemi "nilikeketwa". Watasema nilitahiriwa, nilifungwa, nilishonwa. Uliza kwa neno lake, liandike kama alivyolitamka, kisha weka la kitabibu chini yake. Mkalimani asiwe mume wala mama mkwe. Sheria ya nchi yako kuhusu kutoa taarifa, hasa akiwa binti mdogo, ijue kabla hajaketi, na mwambie kabla hujamuuliza.

Na jalada, jamani! Niliwahi kukuta faili kwenye benchi la kusubiria, juu yake pameandikwa KEKETWA kwa kalamu nene nyekundu. Aliyeandika nadhani alitaka kusaidia, zamu ya usiku ione haraka. Mwenye faili alikuwa ameketi kando yake, amelifunika kwa mtandio. Onyo la namna hiyo mahali pake ni ndani, ukurasa wa kwanza, ambapo anayehudumia atalifikia na jirani wa benchi hatalifikia.

Lile faili la Q52 sikulifuta. Nilipitisha mstari mmoja juu ya msimbo, unasomeka bado, nikaandika ulio sahihi pembeni, tarehe, sahihi yangu. Mkunga alisimama mlangoni hadi nilipomaliza, akalisoma, akalirudisha kwapani na kupanda nalo wodini.