Mdogo wangu, usiogope kusoma ikolojia

Umeuliza kama shahada ya biolojia ya viumbe na ikolojia ni ya waliokosa udaktari. Hapana, mdogo wangu. Daktari anasoma kiumbe mmoja, binadamu. Wewe utasoma chura, mkoko, kaa, na jinsi wanavyotegemeana.

Tena umezaliwa Tanga! Silikanti, samaki wa kale, alidhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu wavuvi wamemtoa majini kwa nyavu za jarife mara nyingi tangu miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kwa nini anapenda vilindi vya bahari vyenye mapango na ubaridi? Anakula nini? Hayo ndiyo maswali ya ikolojia. Na ukipanda milimani hadi Amani, msitu wa Usambara una maswali yake.

Ila hesabu usiitupe, maana takwimu utakutana nazo kila mwaka.

Anza sasa, usingoje chuo: chagua kipande kimoja cha mikoko, kila bamvua (siku za maji makuu), maji yakipwa, hesabu matundu ya kaa, andika tarehe na saa kwenye daftari.