Barua kwa mwanangu: yule mama wa safu ya nyuma

Mwanangu mpenzi,

Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, ya pili baada ya Isha, nyumba ilipotulia. Sisi huku Tanga wazima. Baba yako goti linamsumbua, lakini msikitini haachi kwenda.

Umeniuliza juu ya huyo mama wa Kiingereza aliyesilimu, anayeswali nanyi hapo Leicester. Unasema Fatiha, sura ya kwanza ya Kurani tunayoisoma katika kila sala, anaisoma kwa sauti na kuivunjavunja, mtandio unamteleza akirukuu, na miguuni hana soksi. Wenzio wamekuchagua wewe ukamwambie, kwa kuwa ulikaa chuoni, kwenye madrasa, tangu mdogo. Unataka kujua, umwambie au unyamaze.

Ya soksi niyamalize upesi. Sisi ni Washafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na kwetu miguu ya mwanamke ni uchi katika sala, lazima isitiriwe. Wahanafi, wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, wana kauli yenye nguvu kwamba miguu si uchi, na mji huo, wewe mwenyewe uliniambia, Waislamu wake wengi ni Wahindi wa Kihanafi. Aliyemfundisha sala ni nani? Kama ni hao, basi anaswali kama alivyofundishwa, na amefundishwa na watu wenye madhehebu na vitabu vyao. Hapo hakuna la kumwambia. Ukisikia mtu anafanya jambo usilolijua, uliza kwanza kalitoa wapi.

Ya Fatiha ni mazito zaidi, nami sitaki kuyafanya mepesi. Lakini tangu nisikilize ujumbe wako ninachojiuliza ni kingine: nyinyi mlipokaa mkamzungumza, mlimzungumza vipi? Kwa sababu nilikusikia ukicheka kidogo ulipoiga anavyosoma. Kidogo tu. Na kicheko hicho nakijua.

Bibi yako mzaa baba unamkumbuka, lakini unamkumbuka akiwa mtu wa kitandani. Mimi nilimkuta na nguvu zake. Mzigua wa Handeni, dini aliipokea kwa kusikiliza, chuoni hakuwahi kukaa hata siku moja. Maji ya bomba yakikatika, yeye ndiye aliyechota kisimani na kujaza mapipa ya kutawadhia upande wa wanawake. Yeye ndiye aliyefagia, akakung'uta mikeka, akaokota kandambili za watoto na kuzipanga mlangoni. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliiona, akaishika.

Alikuwapo mwalimu wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi masomoni. Unamjua, jina lake sitaliandika. Elimu alikuwa nayo, nami sikatai. Ramadhani moja, darasa la baada ya Alasiri, akasema leo kila mmoja atasoma Fatiha kwa sauti, watu wote wasikie. Tumekaa wakwe, wakamwana, wajukuu, mkeka umejaa. Ikamfikia bibi yako. Akaisoma kama alivyoisoma maisha yake yote, kwa matamshi ya kwao, herufi za aini zote zimelala, na shada, zile herufi za kukazwa, hazijulikani zilipo. Mwalimu akamtazama, akasema, "Bi mkubwa, hiyo ni Fatiha au ni wimbo wa kulimia? Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unaswali nini?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini kicheko hakihitaji wote.

Bibi yako akakunja pembe ya kanga yake, akasema, "Basi nifundishe, mwalimu."

Mwalimu akatazama saa. Akasema, siku nyingine, zamu ya mwenzako.

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, mwanangu. Kile kicheko ningekisahau. Nisichoweza kukisahau ni kwamba mtu mzima aliomba kufundishwa, mbele ya wakwe zake, na aliyeombwa akatazama saa.

Bibi hakurudi tena darasani. Tarawehe aliswali hapa ukumbini kwetu, peke yake, kwa sauti ya chini ambayo hata mimi jikoni sikuisikia. Mapipa yalikaa makavu mpaka watu wakaanza kuulizana, kwani anayejaza ni nani? Ulipata kusikia habari ya yule aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Alifariki, Masahaba wakamzika na wasimwambie Mtume, kama vile jambo lake waliliona dogo. Alipouliza na kuambiwa, alisema, mbona hamkuniarifu? Nionyesheni kaburi lake. Akaenda, akamswalia pale pale. Hadithi hii kila nikiisikia mimbarini namkumbuka bibi yako na mapipa yale.

Nimewaambia maisha yangu yote, na mtanisikia mpaka mnizike: mtu ukimwaibisha hajifunzi, anajificha.

Sasa utaniambia, lakini mama, bibi si alijifunza? Kweli. Alijifunza, tena kwako. Ulikuwa darasa la pili, na chuoni ndiyo kwanza umemaliza juzuu amma, juzuu ya mwisho ya Kurani. Alikukalisha juu ya kigoda, yeye akakaa chini mkekani, akawa anakuita "mwalimu wangu", na ukimrekebisha anasema "naam". Mwanamke wa umri ule, kwa mtoto aliyemfunga nepi mwenyewe! Ulikuwa unamrudisha "iyyaka" mara kwa mara, nawe ulikuwa mkali kweli, na yeye wala hakuchoka. Siku alipoipata ile shada alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi gani. Furaha ya siku ile bado ninayo.

Kwa hiyo najibishana na nafsi yangu. Je, bila ya siku ile ya aibu, bibi angekaa chini ya kigoda chako? Pengine angekwenda na kosa lake mpaka kaburini, na sisi tuliomheshimu tungekuwa ndio tuliomnyamazia. Fatiha ni nguzo ya sala, si pambo. Mtume mwenyewe alimwambia yule mtu aliyeswali haraka haraka, "Rudi ukaswali, kwani hujaswali," mara tatu, na Masahaba wanasikia. Basi nani kasema kukosoa mbele ya watu ni haramu?

Lakini itazame vizuri hadithi hiyo. Kila aliporudi alimpa Mtume salamu, naye akamrudishia. Mwisho yule mtu akasema, siwezi kufanya vizuri zaidi ya hivi, nifundishe. Na Mtume akamfundisha, takbiri, kisomo, rukuu, itidali ya kusimama wima baada yake, sijida, moja baada ya nyingine, mpaka akamaliza. Hakutazama pembeni. Na yule Sahaba Muawiya bin Hakam, aliyemwombea rehema aliyepiga chafya ilhali wako ndani ya sala, watu wakamkodolea macho na kujipiga mapaja ili anyamaze, anasimulia mwenyewe kwamba hajamwona mwalimu bora kuliko Mtume, kabla yake wala baada yake: hakumkaripia, hakumpiga, hakumtukana. Alimwambia kwamba katika sala hii hayafai maneno ya watu. Alikosolewa, ndiyo. Na alisimulia siku hiyo kama siku ya kupewa zawadi.

Sikiliza, mama. Mtume alisema hataingia peponi mwenye chembe ya kibri moyoni. Mtu mmoja akauliza, je, anayependa nguo nzuri na viatu vizuri? Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Ni vitu viwili, navyo nimevitafakari sana kwa ajili ya siku ile ya darasa. Bibi yako aliambiwa haki kwa ubaya, na hakuikataa. Mwalimu alikuwa na haki mkononi, kila herufi aliyoisema ilikuwa sahihi, na akawa na kile cha pili. Mtu anaweza kuwa sahihi katika kila herufi na kibri kikamwingia kwa mlango huo huo wa usahihi. Ndiyo maana Suratul Hujurat haikutosheka kusema watu wasiwadharau watu. Iliwataja na wanawake peke yao, kwamba wanawake wasiwadharau wanawake wenzao, huenda wakawa bora kuliko wao. Aya ya 11. Isome kabla hamjakutana tena.

Na huyo mama yenu anayebabaika, Bi Aisha, mke wa Mtume, amepokea kwa Mtume kwamba anayeisoma Kurani kwa kubabaika nayo ikawa nzito kwake ana malipo mawili. Nyinyi mnaoisoma kwa wepesi mna daraja yenu. Ya kwake hamjui imefika wapi. Aliyeacha Krismasi ya mama yake mzazi kwa ajili ya safu hiyo ya nyuma, mimi na wewe tuliozaliwa humu tumeacha nini?

Lakini nisije nikakuonyesha upande mmoja. Bibi yako alipofariki, yule mwalimu alikuja. Akamwambia shangazi yako, "Naomba nimwoshe mimi." Shangazi yako akakataa, tena kwa maneno makali, unamjua. Babu yako akaitwa, akasema, "Mwacheni, ana haki yake ya Uislamu." Nilikuwamo chumbani, nikimpokeza maji. Alimwosha kwa majani ya mkunazi, akamwagia maji ya kafuri, akamsitiri kila hatua kama anamwosha mama yake. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Hakumwomba radhi mtu yeyote, na sisi hakuna aliyemuuliza.

Basi mimi niseme nini juu yake? Nataka kusema. Miaka yote hii nina hukumu yangu mdomoni, na unanijua mama yako si mtu wa kumeza neno. Lakini ninachokukataza kwa huyo mama wa Leicester hakiwezi kuwa halali kwangu kwa yule mwalimu. Naye ni muumini. Kumdharau mwenye kudharau ni kile kile. Najizuia, na nataka ujue kwamba najizuia kwa nguvu. Siku nyingine nashinda, siku nyingine nikimpita sokoni salamu inanitoka imekauka.

Kwa hiyo umwambie au unyamaze? Ukiwa utamfundisha mpaka aipate, hata ikichukua mwaka, mfundishe, na iwe nyinyi wawili tu. Ukiwa utamwambia kosa kisha uwahi basi, mwache na malipo yake mawili. Wenzio wakikuuliza kwa nini hujamwambia, waambie mama amekataza. Mtu ukimwaibisha hajifunzi.

Na kuna jambo moja hukuniambia. Ujumbe wote ule, mtandio, soksi, Fatiha, jina lake hukulitaja. Anaitwa nani? Ana watu wake hapo, au anafuturu peke yake? Nijibu hilo kwanza.

Mama yako