Kadi za wifi yangu

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo serikali ina haki ya kuwaambia wananchi wazae watoto wangapi. Mimi nitajibu swali jirani: kauli ya serikali ikishatoka, ni nani ndani ya nyumba anayeitumia, na dhidi ya nani?

Septemba 2018 nilikuwa kwa kaka yangu, Shinyanga vijijini, nikijiuguza baada ya upasuaji. Ndipo Rais Magufuli, akiwa Meatu, aliposema kwamba wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu wanaokwepa kazi ya kulisha watoto. Jioni redio ilipoitangaza habari hiyo, kaka aliongeza sauti, akamgeukia mkewe: “Umesikia?” Wifi alikuwa na ungo mapajani akichambua mchele, hakuinua uso, aliendelea kutoa mawe. Walikuwa na watoto watano, na kila mimba ilikuwa imefunika cherehani yake kwa mwaka mzima, hata wateja wakahamia kwa fundi mwingine.

Asubuhi aliniomba nimsindikize sokoni. Tukapitia zahanati. Muuguzi alimuuliza kama mumewe anajua, akamtazama, kisha bila kusubiri jibu akamchoma sindano ya miezi mitatu. Alipomaliza hakumpa kadi. Aliirudisha katika boksi tupu la glavu chini ya meza, pamoja na kadi nyingine zilizofungwa kwa mpira. Nilijaribu kuzihesabu kwa macho nikashindwa, maana zilikuwa nyingi kuliko wanawake wote waliokaa kwenye benchi. Njiani tulinunua nyanya za shilingi mia tano, kwa kuwa aliyeaga anakwenda sokoni hana budi kurudi na kitu.

Mwezi huohuo wizara iliagiza matangazo ya uzazi wa mpango yasimamishwe redioni na kwenye televisheni. Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7, na mwaka huo Rais Samia akatuhimiza kupunguza kasi ya kuzaa. Kauli imegeuka, ila anayesemwa ni yuleyule: jana mvivu kwa kuzaa wachache, leo mzembe kwa kuzaa wengi.

Nilipokaa kuandika nilikusudia kusema serikali itoke kabisa chumbani mwa watu. Lakini sindano ile ilikuwa ya serikali, ya bure, na mshahara wa muuguzi ulitoka hukohuko. Wala kaka si mkatili. Tulizika wadogo zetu wawili kwa surua, na tangu hapo watoto watano machoni pake ni wachache. Kisha mwaka 2021 wifi mwenyewe aliacha sindano, akapata mtoto wa sita kwa hiari yake, na nilipomuuliza kwa ukali ni nani aliyemshauri, alicheka akasema, “Wifi, na wewe umekuwa redio.”

Kwa hiyo, ndugu wahariri, jibu langu ni ndiyo, serikali iwe na sera ya uzazi, mradi kauli ya kiongozi isikaushe stoo ya zahanati, na muuguzi asimuulize mtu habari za mumewe. Hilo la mwisho nalisema kwa shingo upande, maana aliyeuliza ndiye aliyetunza zile kadi.