Re: Yungiyungi la mlimani limenyauka majani, limekufa?

Mkuu halijafa hilo, kama ni lile jekundu la duara kama mpira (Scadoxus multiflorus) basi kiangazi majani yanakauka, limelala tu. We acha kumwagilia kabisa, maana kitunguu chake (ile sehemu nene ya chini ya udongo) kikilala kwenye udongo wa majimaji kinaoza, afu usikifukue kukichungulia, halipendi kusumbuliwa mizizi. Kikibonyea ukikigusa shingoni (juu yake, majani yanapotokea) hapo ndo uwe na wasiwasi. Mvua zikianza mwagilia kidogokidogo, mara nyingi ua linatangulia majani. Kivuli chepesi, mboji na mchanga, shingo ya kitunguu iwe usawa wa udongo. Mbuzi na watoto wakae mbali, lina sumu. Na za msituni tusizing'oe jamani, omba mbegu kwa mwenye nalo.